Godoro la Mfanyakazi Bora

Mwaka ambao maduka ya mtaa wa Usagara yalianza tena kujaa vitu, muuguzi wetu mkuu, tuliyemwita Sista tu, alitukusanya kwenye chumba cha kulia cha wagonjwa akatangaza kwamba kituo nacho sasa kitakuwa na mfanyakazi bora. Tulicheka. Mpishi ndiye aliyecheka kuliko wote, mpaka akajifuta machozi kwa aproni.

Kicheko chetu kilikuwa na sababu. Kituo chetu kilikuwa kidogo, cha wagonjwa wa akili, kina wodi ya wanaume, wodi ya wanawake na baraza ambapo wagonjwa wa nje walingoja sindano zao. Mjini hatukuwa na jina lingine isipokuwa "wale wa kwa vichaa". Kila Mei Mosi wenzetu wa idara nyingine walirudi nyumbani na baiskeli, au mabati, au redio. Sisi tuliandamana mkiani, tukarudi na kitambaa chetu cha maandishi kimekunjwa kwapani. Tena tulikuwa tumetoka katika miaka mibaya. Tulikuwa tumekula ugali wa yanga, yale mahindi ya njano ya msaada, pamoja na wagonjwa, tumefua mashuka kwa majivu, na kuna miezi ambayo dawa za kutuliza hazikuwepo kabisa, mgonjwa akichafuka, akashikwa na ghasia, hakuna cha kumpa isipokuwa mikono na maneno.

Mimi nilikuja mwishoni mwa miaka hiyo. Nilikuwa muuguzi mgeni kutoka Mwera, upande wa Pangani, na tabia yangu kubwa ilikuwa kuuliza. Kila kitu nilitaka kujua kimeanzaje.

Tulipiga kura kwenye kopo la maziwa ya unga. Aliyeshinda hakumshangaza mtu. Alikuwa mhudumu wa wodi ya wanaume, Mdigo wa makamo aliyeishi Makorora, mpana wa mabega, mpole wa sauti. Mgonjwa akianza kuvunja vitu, watu wote walikimbia nje, yeye akaingia ndani. Alikuwa akimshika mtu kwa nyuma, taratibu, huku akimsemesha kana kwamba wanaagana njiani, na baada ya muda ungewakuta wamekaa chini wote wawili.

Zawadi aliitoa mfanyabiashara mmoja wa Usagara, Mwislamu mwenye asili ya Kihindi, ambaye dada yake alitibiwa kwetu akapona. Aliileta mwenyewe, nyuma ya mkokoteni: godoro la sponji, jipya, bado limo ndani ya nailoni yake. Siku hizi godoro la sponji si kitu. Wakati ule wengi wetu tulilala kwenye magodoro ya usumba wa nazi yanayochoma mgongo, au ya sufi yaliyogandamana kama mawe. Wauguzi walilizunguka lile godoro wakilibonyeza kwa vidole ili waone linavyorudi juu.

Tulikunywa chai na maandazi. Mfanyabiashara akasema maneno mafupi ya shukrani, Sista akaita jina, tukapiga makofi. Mhudumu akasimama, akaweka mkono kifuani.

"Nashukuru sana," alisema. "Lakini mpeni mwingine. Mimi godoro sina kazi nalo."

Mfanyabiashara alidhani ni adabu. "Chukua, bwana. Ni haki yako."

"Nimeshukuru, tajiri. Sitalichukua."

Akatoka kwenda wodini, eti kuna mgonjwa anamwita. Hakuna aliyekuwa akimwita. Yule mfanyabiashara alibaki ameshika ncha ya nailoni, uso umemshuka, na Sista akamwambia godoro litakaa chumba cha dawa mpaka mambo yaeleweke.

Mambo hayakueleweka, na kituo kizima kikaanza kutafuta maana. Mpishi alisema mtu yule anaogopa jini, kwamba kitu kilichotoka nyumba iliyokuwa na mwendawazimu kina lake. Karani alikuwa na maelezo mengine. Mwaka ule uvumi wa kupunguza wafanyakazi wa serikali ulikuwa kila mahali, na karani alisema zawadi hizi ni mkono wa kwaheri: leo unapewa godoro, kesho unaambiwa ukalilalie nyumbani.

Mimi sikuridhika na lolote kati ya hayo. Asubuhi moja nilimkuta mhudumu anamwagia maji bustani ya mchicha.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Godoro umelikatalia nini?"

Alinitazama. "Wewe waandika gazeti?"

"Hapana. Nataka kujua tu."

"Haya, ukijua, utafanya nini?"

Alirudi kwenye mchicha wake.

Kulikuwa na jambo lingine ambalo nilikuwa nimeliona kabla ya hapo, nikalishangaa bila kumwuliza mtu. Kila mwezi, siku ya sindano, alikuja mwanamume mmoja mfanyakazi wa mashamba ya mkonge, mtu wa shukrani, Mkristo aliyekuwa akiimba kwaya huko kambini kwao. Alikuwa amelazwa kwetu zamani, akapona. Kila alipokuja alibeba machungwa ya Muheza kwenye kikapu, akamtafuta yule mhudumu peke yake, akampa kwa mikono miwili. Mhudumu aliyapokea, akamwuliza habari za watoto. Mgeni akishatoka getini, machungwa yote yaliishia jikoni. Hakuna hata moja aliloonja, ingawa machungwa ya mtu mwingine alikula.

Siku chache baada ya sherehe, mke wa mhudumu alikuja kituoni. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti inayosikika mpaka barabarani, amejifunga leso mbili, ndizo kanga, amekasirika. Sista alikuwa kwenye kikao mjini, kwa hiyo nilimkaribisha mimi, nikampa kiti barazani.

"Nasikia mume wangu kapewa godoro," alisema. "Kalikataa. Ndivyo?"

"Ndivyo, mama."

"Hakuniambia. Nimeambiwa na watu kisimani. Mimi nalala kwenye usumba umenitoboa mbavu, yeye yuaona haya kuleta godoro nyumbani!" Akafungua ncha ya leso akaifunga tena. Sauti ikashuka. "Mwanangu, wewe ni muuguzi. Nikuulize kitu?"

"Niulize."

"Mtu aweza kulala kitini miaka na miaka?"

Nilimwuliza ana maana gani, naye akanieleza. Mumewe halali kitandani. Amekiweka kiti cha mbao karibu na mlango, mgongo ukutani, na hapo ndipo anapolala, miguu chini, kama abiria anayengoja gari. Akilala chali anaruka kwa kushtuka. Mwanzoni mkewe alidhani amepata mwanamke wa nje na hamtaki tena. Halafu akadhani amechezewa kwa uchawi. Alimpeleka kwa shehe akaandikiwa kombe, aya zilizooshwa kwa maji, akalinywa lote, na bado akarudi kitini.

"Ilianza lini?" niliuliza.

"Siku aliyorudi na alama hapa." Alishika shingo yake kwa vidole. "Nilimwuliza, akasema kazi."

Sista aliporudi nilimweleza neno kwa neno. Alikuwa Mbondei, mtu mzima, aliyehamishiwa kwetu baada yangu, kwa hiyo hata yeye hakujua yaliyopita. Alivua saa yake akaiweka mezani, akaniambia nimwite mhudumu kisha nilete chai.

Nilipoingia na sinia walikuwa wamekaa bila kutazamana. Niliweka vikombe nikageuka kutoka.

"Mwache akae," mhudumu alisema. "Huyu asiposikia leo, kesho ataniuliza."

Sista alicheka kidogo. Kisha akaanza kumwuliza maswali, na nikashtuka, maana yalikuwa yale yale tunayomwuliza kila mgonjwa anayeletwa.

"Unakula vizuri?"

"Nakula."

"Unalala?"

"Sista, mimi si mgonjwa."

"Sijasema mgonjwa. Nimekuuliza kama unalala."

"Nalala."

"Wapi?"

Alitazama chai yake. "Kitini," alisema.

Aliyasimulia polepole. Ilikuwa katika miezi ile isiyo na dawa, kabla mimi sijafika. Alikuwa amesimama tangu alfajiri, na mchana, wagonjwa walipotulia, alijinyoosha kwenye benchi la wodi. Aliamka akiwa na mtu juu ya kifua chake, mikono imemkaba koo. Nguvu zote alizokuwa nazo hazikumsaidia, kwa sababu alikuwa chali na hakupata pa kujishikiza. Aliona dari linakuwa jeusi. Waliomwokoa walikuwa wagonjwa wenyewe: walimvuta yule mtu kwa miguu, wakampigia kelele, mmoja akammwagia maji.

"Halafu?" Sista aliuliza.

"Halafu nikaosha uso, nikaendelea na zamu."

"Nani alikuja kukuona?"

"Walikuja wakubwa. Waliuliza kama mgonjwa ameumia."

Sista alifumba macho kidogo. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuelewa jambo jingine, na mdomo wangu haukuweza kusubiri.

"Ni yule wa machungwa," nilisema.

Aliitikia kwa kichwa. "Hakumbuki. Alipopona alikuwa hajui hata alifikaje hapa. Yeye ajua mimi ndiye niliyemlisha uji."

"Unataka aambiwe?" Sista aliuliza.

"Asiambiwe kabisa!" Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akipaza sauti. "Mtu yule aimba kanisani, ana watoto. Akijua alitaka kuua, ataumwa tena. Mimi ninaposhika yale machungwa mkono wanitetemeka, lakini nitayapokea."

Nje wagonjwa walikuwa wanapiga ngoma ya debe. Sista akamwuliza swali ambalo mpaka leo ninalirudia kwa watu ninaowafundisha kazi: kama lile godoro halikuwa zawadi, basi zawadi ingekuwa nini?

Alifikiri sana. Nilimwona akilipima swali lile kama fundi anayechukua kipimo.

"Siku ile," alisema, "ningependa kama mtu angeniambia, nenda nyumbani."

Sista aliinuka. "Basi nenda nyumbani," alisema. "Leo. Sasa hivi. Nitaeleza mimi kwa wakubwa."

Alikwenda. Alipewa likizo yake yote iliyokuwa imelala, akakaa nyumbani Makorora, na Sista mwenyewe alikuwa akipita kila jioni baada ya kazi kumkagua, kama tulivyokuwa tukiwakagua wagonjwa majumbani. Dawa ya usingizi alimpa kidogo sana. Zaidi walizungumza. Mara nyingine alinichukua, nikakaa na mkewe tukichambua mchele huku wale wawili wakiwa uani, na mkewe akaninong'oneza: "Wale wasema nini siku zote hizo?" Nikamwambia sijui, na ilinikera kutojua.

Godoro liliingia kwenye chumba kidogo kilichokuwa stoo ya mifagio. Mfanyabiashara alielezwa sababu kwa kifupi tu, bila kutoa siri ya mtu, naye akatoa na shuka. Kukawa na utaratibu: aliyetoka kushika mgonjwa aliyechafuka anakwenda kujilaza, awe mpishi, awe daktari, na mlango unafungwa kwa ndani. Kila Alhamisi, wagonjwa wakishakula, Sista alitukalisha akatuuliza yale maswali. Wiki za kwanza hakuna aliyesema kweli. Karani alijibu kila swali "salama" kwa sababu bado aliogopa kupunguzwa. Aliyevunja ukimya alikuwa mpishi. Alisema tangu miaka ya yanga hawezi kuona chakula kinabaki sahani bila kulia, na kwamba ndiyo maana hucheka sana. Tulimtazama kama mtu mpya.

Mimi nilipoulizwa swali jingine la wagonjwa, kama nasikia sauti za watu wasiokuwepo, nilisema ndiyo, ya mama yangu, ikiniambia nirudi Mwera. Walicheka, lakini Sista hakucheka. Aliniuliza kwa nini sijarudi hata kusalimia, na nikaona sijui. Mwisho wa mwezi nilikwenda.

Asubuhi moja, mhudumu bado yuko likizo, mkewe aliingia getini akikaribia kukimbia. Nilidhani kuna msiba.

"Kalala!" aliniambia. "Kalala chini, mkekani, ubavu ubavu, mlango umefungwa. Kakoroma mpaka jirani kagonga ukuta!" Akaketi barazani akacheka, kisha akalia, na wagonjwa waliokuwa wakingoja sindano wakampa nafasi katikati yao.

Mhudumu aliporudi kazini alihamishiwa baraza la wagonjwa wa nje, mbali na wodi. Mtu wa mkonge aliendelea kuja. Siku moja nilimwona mhudumu akimenya chungwa mbele yake, akamkatia nusu, wakala wote wawili wakizungumza habari za mvua. Nilitaka sana kujua mkono ulitetemeka au la. Nilikuwa mbali, sikuona.

Miaka kadhaa baadaye upunguzaji uliokuwa uvumi ulikuja kweli, na yeye alikuwa miongoni mwa walioondoka. Aliuza mbao Makorora, akazeeka vizuri. Nilipofikiria kuyaandika haya nilikwenda kumwomba ruhusa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akamgeukia mkewe, kisha akanigeukia mimi.

"Andika," alisema. "Majina uyaache. Na yule bwana wa mkonge, kambi yake usiitaje. Mtu akisoma asije akamfuata na maneno."

Mkewe alitaka kujua kama nitaandika pia habari za kuja kwake kituoni siku ile amekasirika. Nilimwambia nitaandika. Alitengeneza leso yake kichwani.

"Vizuri," alisema. "Andika kwamba nilikuwa na haki."