Nilimwambia Nesi Kwamba Mke Wangu Amehama

Nitukaneni tu, nimestahili. Mimi ni mwanaume mzima, mchimbaji wa dhahabu huku Rwamgasa, na wivu ulinifanya nimdanganye mke wangu akiwa mgonjwa.

Mama Kulwa ana ugonjwa wa moyo. Tangu alazwe mara ya kwanza alinyong'onyea, hasemi, anashinda kaangalia ukuta. Nikitoka duarani, kwenye shimo la dhahabu, namtania mpaka nachoka mwenyewe. Mwaka mzima sikuona jino lake!

Nesi wa kliniki akasema hiyo ni sonona. "Vidonge ameze, lakini na huzuni nayo inatibiwa, baba." Wakamwingiza kwenye kikundi cha wagonjwa wenzake. Kila Alhamisi wanakaa kwenye viti, wanarushiana mpira wa matambara, wanaimba, wanacheza taratibu kwa kadiri ya pumzi zao.

Alhamisi ya nne nikamfuata mapema. Mayo wane! Sijafika hata mlangoni nikasikia kicheko. Nilikijua, ndicho kilichonifanya nimuoe. Nachungulia, mgonjwa mmoja anaitwa Masanja anapiga zeze, anamwimbia kwamba mpira unamkimbia kama kuku wa sikukuu. Mke wangu anafuta machozi kwa kucheka.

Jamani, roho iliniuma! Hakumgusa hata mkono. Ila mimi nimehangaika mwaka, halafu huyu bwana na kizeze chake amemchekesha mara moja tu?

Nikamwambia Mama Kulwa kikundi kimefungwa. Nesi alipopiga simu, maana namba iliyoandikwa kule ni yangu, nikamjibu, "Amehamia Ushirombo kwa mama yake."

Mke wangu akawa ananiuliza, "Hata kwenye simu hawajaniulizia?"

"Hawajakuulizia."

"Basi na wao wamenichoka, Baba Kulwa."

Kumbe akaanza kuficha vidonge chini ya godoro. Nilivikuta siku aliyoanguka jikoni, vingi, vimeshikana na vumbi. Mungu anisamehe!

Alipolazwa, wenzake wa kikundi wakasikia, wakaja kumwona. Masanja akaingia anahema, kashika fimbo, akamsalimia kwa Kisukuma. "Mwangaluka, mayo! Mbona tuliambiwa umehamia Ushirombo? Tumekuulizia mpaka basi!"

Mama Kulwa akanigeukia. Aliniangalia, kisha akageukia ukutani. Afadhali angenizaba kibao mbele yao wote!

Sasa amerudi kikundini, nampeleka mwenyewe kwa baiskeli. Njiani namsemesha, ananijibu ndiyo, hapana, basi. Nimeomba msamaha mpaka magoti yameota sugu. Anasema amenisamehe, na anaenda kulala.

Wanaume wenzangu, mkeo mgonjwa akipata pa kuchekea, usiulize anayemchekesha ni nani. Mwache acheke! Mimi kila Alhamisi nakaa nje chini ya dirisha la kliniki, nasikiliza kicheko cha mke wangu. Nikiingia tu, ananyamaza.