Jiwe letu la kuteleza

Zamani, msimu wa dagaa, baba alikuwa anatuhamishia ziwani huko Magu. Tunalala chini ya turubai, na sisi watoto tunashinda tunateleza kwenye jiwe kubwa. Juzi nikarudi na mdogo wangu, yule anayeongea puani.

"Dada, na nyonga hizo? Huwezi."

Nikapanda, nikajiachia. Nikacheka mpaka chini, nikatua katikati ya dagaa walioanikwa wa watu.

Mama mwenye dagaa akaja amefura. Lakini mimi mzee, hawezi kunigombeza kabla ya salamu.

"Shikamoo, bibi," meno yameumana.

"Marahaba, mwanangu. Nyumbani hamjambo? Watoto? Ng'ombe je?"

Nilipomfikisha kwenye ng'ombe alikuwa anacheka.

Mdogo wangu akainama kutusaidia kuokota, kanuna. Nikamrudishia kwa pua yake mwenyewe: "Dada, na nyonga hizo? Huwezi."