Niliwasha Taa Nyeupe, Nikaua Matumbawe ya Marehemu Mkwe Wangu

Kosa ni langu. Nalisema mapema msije mkanionea huruma katikati ya habari. Sikurogwa, sikudanganywa na mtu, wala sikuwa mlevi. Ni kiburi tu, ndugu zangu.

Mimi ni mtu mzima wa huku Ruangwa, nina wajukuu. Shule niliishia darasa la tatu. Nilibeba mchanga wa dhahabu Namungo mpaka mgongo ukachubuka, nikanunua shamba Chunyu, nikapanda mikorosho, nikaingia kwenye ufuta. Leo nyumba yangu ina malumalu mpaka chooni. Sikusaidiwa na mtu! Sasa mtu wa namna hiyo akishazoea kwamba kila alichokigusa kimeota, masikio yanaziba. Yangu yaliziba zamani.

Nina binti, nimwite Zaina, si jina lake. Yeye na mumewe walikuwa wanafanya kazi pwani, kupandikiza matumbawe pale miamba ilipovunjwa na baruti za kuvulia samaki. Mumewe akaugua, akafa. Nyumba yao ilikuwa ya kupanga, basi Zaina akaja kukaa eda kwangu. Alikuja na begi moja la nguo na tangi la kioo, refu kama kitanda cha mtoto.

Ndani ya tangi kuna maji ya chumvi na matumbawe. Mimi nilidhani tumbawe ni jiwe.

"Si mawe, baba. Yanaishi haya. Yanakula mwanga."

Mengine ya kijani, mengine zambarau, yana vidole vidogo vinapepea majini. Marehemu aliyapandikiza kwa mkono wake kwa kibali cha kazini, na chini ya kila kipande, kwenye ile gundi iliyokauka, kuna alama ya dole gumba lake. Zaina alinionyesha mara moja tu. Alikigeuza kipande humo majini, nikaiona ile mistari ya kidole cha mtu tuliyemzika. Nilitoka nje.

Juu ya tangi aliweka taa ya LED yenye vitufe, kimoja cha mwanga wa buluu, kimoja cha mweupe. Mwanga aliupunguza sana, buluu ya kufifia na nyeupe kidogo tu. Kila wiki anaongeza kidogo, kisha anakaa kwenye kigoda anatazama kama matumbawe yamechanua au yamenywea. Alisema yamechoka na safari, mwanga mkali utayaunguza. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake humo ndani, maana mwenye eda hatembei. Siku moja nilimsikia pale kwenye kigoda anacheka peke yake, kacheko kadogo. Mke wangu akaniuliza, "Umesikia?" Nikamwambia nimesikia.

Sasa ile buluu! Sebule nzima ilikuwa zambarau. Wazee wenzangu wakaja kuhani, na mmoja wao, nimwite Mzee Kipara, akasimama mlangoni viatu mkononi.

"Hodi! Hapa ni msibani au ni baa?"

Wenzake wakaangua kicheko.

"Ingia bwana, acha maneno," nikasema.

"Niingie vipi, mhudumu mwenyewe simwoni? Mwambieni mimi nakunywa soda baridi!"

Mzee Kipara ni mtani wangu, na kwetu mtani msibani hana mpaka. Nilipaswa kucheka yaishe. Lakini neno lilinikaa kooni kama mwiba. Nyumba yangu mimi iitwe baa, na binti yangu yumo ndani kavaa eda!

Haikupita muda Zaina akashikwa na malaria kali, ikabidi alazwe hospitali Nachingwea. Kabla ya kupanda gari akanishika mkono.

"Baba, maji yakipungua ongeza haya ya kwenye dumu, hayana chumvi. Taa usiiguse. Nakuomba, baba."

"Kwani mimi mtoto?"

Hilo ndilo jibu nililompa mgonjwa.

Ijumaa wazee walikuwa waje kumwombea mgonjwa dua. Nikasimama mbele ya lile tangi, nikajiambia kila kiotacho kinataka jua. Si mimi niliyewafundisha watu wa Chunyu kupogoa mikorosho ili jua lipenye? Nikabonyeza buluu mpaka ikazimika. Nyeupe nikaibonyeza mpaka ikagoma kupanda. Loo! Sebule ikawa kama uwanja wa mpira saa sita mchana. Mzee Kipara alipoingia akasema, "Enhee! Sasa hii ni nyumba ya mtu!" Nikafurahi kama mjinga. Nikaiacha vilevile siku zote ambazo Zaina hakuwepo.

Matumbawe yakaanza kupauka. Mimi nikadhani yanatakata! Nikamwita mke wangu aje aone weupe ule. Akainama, akaangalia.

"Baba Zaina, vile vidole viko wapi?"

Havikuwepo. Vyote vilikuwa vimejificha.

Hapo nikajua nimeharibu. Na hapo ndipo nilipofanya kosa lililo kubwa kuliko taa yenyewe. Nilirudisha vitufe pale vilipokuwa, kama mwizi anayefuta nyayo.

Zaina akarudi bado ana kizunguzungu. Hakuvua hata ushungi, akapiga magoti mbele ya kioo.

"Baba, kumetokea nini?"

"Umeme," nikasema. "Ulikatika mchana kutwa, ukarudi kwa kishindo."

Mke wangu alinitazama, akaingia jikoni. Hakutaka kunivunjia heshima mbele ya mtoto. Heshima!

Binti yangu akaniamini. Akadhani pampu ilisimama, maji yakaharibika. Basi akaanza kuhangaika na maji. Anayatoa, anachanganya mengine, anapima chumvi, anavitoa vipande anavisugua, anavirudisha. Taa hakuiwazia, aliikuta pale pale alipoiacha. Akawa anajilaumu. "Aliniambia ninunue betri, baba. Aliniambia." Anamtaja marehemu. Na mimi niko kwenye kochi, tasbihi mkononi, namjibu, "Ni mipango ya Mungu, mwanangu."

Astaghfirullah! Mungu aliingiaje hapo?

Yakafa moja baada ya jingine. Mwishowe tangi likaanza kunuka.

Siku hiyo Mzee Kipara akaja kunisalimia. Zaina yuko chumbani, nyuma ya pazia.

"Ebo! Mmerudisha taa ya baa? Ile nyeupe ya siku ile iko wapi?"

Nikamkonyeza.

"Unanikonyeza nini, mimi mkeo? Si uliiwasha mwenyewe binti alipolazwa, ukatuambia umeipandisha mpaka mwisho!"

Nikasikia kitanda kinalia huko ndani. Zaina hakutoka mpaka mgeni alipoondoka.

"Baba, ilikuwa taa?"

"Ilikuwa taa."

"Yalipopauka yalikuwa hayajafa. Ungeniambia siku ile, ningeyafunika na kitambaa, niyaache yapumzike. Mimi nikayavuruga kwa kubadili maji, nayo mahututi." Akakigusa kioo. "Umeniacha niyamalize kwa mkono wangu."

Niliiweka tasbihi kwenye kochi.

"Na kitalu ni wewe uliyenifundisha, baba. Nyasi za juu ya miche hazitolewi zote siku moja."

Kweli tupu! Nilimfundisha akiwa mdogo, kikopo cha maji kichwani. Unapunguza nyasi za chanja cha kivuli kidogo kidogo mche uzoee jua. Ukiuanika ghafla, majani yanababuka. Asiyejua husamehewa. Mimi nilijua. Nilijua tangu sijaota mvi, nikalitupa nililolijua kwa sababu ya mzaha wa mtani.

Eda ilipoisha akaoga, akabadili nguo, akavifunga vile vipande vilivyokufa kwenye kanga, akaenda kwa wakwe zake. Hakunitukana. Afadhali angenitukana! Akipiga simu anapiga ya mama yake. Anauliza kuku, anauliza majirani. Mimi niko pale pale kwenye kochi, nakohoa ili ajue nipo.

Juzi tulisogeza tangi tufagie, nikaokota kipande kimoja kilichoangukia nyuma. Cheupe kama kopa la muhogo mkavu. Chini yake, dole gumba. Nikamwomba mke wangu amuulize kama nimtumie kwa basi. Simu iliwekwa sauti ya juu. Nikamsikia Zaina mwenyewe.

"Mwambie akae nacho."

Ndiyo ninacho, kiko mfuko wa kanzu.

Nyie wenzangu mliojijenga wenyewe, mnaoogopa kuchekwa, nisikilizeni. Ukiharibu cha mtu, sema siku hiyo hiyo, kingali na uhai. Aibu ya siku hiyo ni ndogo, utaimeza na chai. Hii yangu nimeivaa, na haina eda ya kuhesabu niseme ipo siku nitaivua.