Ukuta Uliobaki Bila Rangi

Tarehe 11 Februari 2019, Talha Mfaume, fundi rangi wa Tandika, aliapishwa kuwa shahidi katika shauri la nyumba. Hakuwa mlalamikaji wala mlalamikiwa. Alikuwa ameupaka rangi ukuta wa mbele wa nyumba ya kupangisha huko Mabibo, na chini ya rangi yake yalikuwepo maandishi: NYUMBA HII HAIUZWI. Nyumba ikauzwa. Ndugu wa muuzaji walitaka kujua nani aliyeyafuta.

Familia huandika maneno hayo kwa kuhofia matapeli, na mara nyingi tapeli anayehofiwa anakula nao sahani moja. Tangu siku ile Talha ana sharti moja kazini. Hagusi maandishi ya aina hiyo mpaka aliyeyaandika aje mwenyewe, asimame mbele ya ukuta, aruhusu. Ruhusa ya simu haikubali.

Mwaka huu, mvua za masika zilipokatika, aliitwa na Salumu Mashaka kukarabati nje ya nyumba aliyoacha baba yake Temeke. Plasta ya chini ilikuwa imeliwa na chumvi, mbao za pembezoni mwa bati zimeoza, na gata la maji ya mvua lilining'inia upande mmoja. Salumu alisema anataka nyumba ivutie wapangaji wa maana. Talha alihesabu milango: vyumba sita. Mitano ilikuwa na mapazia na viatu nje. Wa sita, wa mbele, ulikuwa na kufuli.

Alikwangua plasta mbovu, akapiga mpya, akaiacha ikauke. Auleria, karani wa duka la dawa anayepanga chumba cha uani, alikuwa akianika nguo.

“Fundi, mie dari linanivujia mwaka wa tatu sasa. Leo nje tunapakwa poda. Binti akipakwa poda, ujue kuna posa.”

“Mie napaka tu, sista.”

“Hata kungwi hupaka tu.”

Siku ya pili alikuja dalali, kijana mtanashati aitwaye Brightson. Alipiga picha ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto na paa. Alipofika mbele, ambako maandishi ya rangi nyekundu yalikaa kati ya mlango na dirisha, alimwomba Talha atundike turubai mahali pale.

“La nini?”

“Jua linaniharibia picha, braza.”

Jua lilikuwa mgongoni mwake. Talha akamwambia turubai limelowa.

Jioni ile Salumu alipopita kukagua, Talha alimuuliza maandishi yameandikwa na nani.

“Marehemu mzee. Wewe paka, bosi wangu, usiwe na presha.”

Talha hakubishana. Lakini herufi tatu za mwisho zilikuwa juu ya kiraka cha saruji, na Salumu mwenyewe alikwisha kumwambia kwamba kiraka kile kilipigwa mwaka jana. Mzee alifariki miaka mitano iliyopita. Chini ya maandishi palikuwa na namba ya simu. Salumu alipoondoka, Talha aliipiga.

Aliyepokea alikuwa Mwanakombo, dada mkubwa wa Salumu, anayeishi Boko. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakuuliza fundi analipwa kiasi gani wala rangi ni ya aina gani. Aliuliza kama chumba cha mbele bado kina kufuli. Kisha akasema atakuja Jumamosi.

Talha aliendelea na kazi. Alipiga praima, rangi ya kwanza ya kushika plasta, akapaka rangi ya maziwa kuta zote nne, akalizunguka eneo la maandishi kwa brashi ndogo. Jumamosi Salumu alikuta nyumba mpya yenye kipande cha ukuta mchafu katikati ya uso wake.

“Umeacha nini hapo, fundi, dirisha?”

“Nimemwachia mwenyewe.”

Kabla Salumu hajajibu, bajaji ilisimama na Mwanakombo akashuka, ameshika mkoba mmoja. Talha akamwamkia. Salumu naye akatoa shikamoo, sauti chini.

“Marahaba. Hongera, mdogo wangu, nyumba imependeza. Inakwenda wapi?”

“Haiendi popote, dada. Usafi tu.”

“Na dalali?”

“Anatafuta wapangaji.”

“Vitano vimejaa, mama,” alisema Auleria kutoka kibarazani, bila kuulizwa. “Cha sita kina kitanda cha marehemu.”

Salumu alimtazama Auleria, kisha akamgeukia fundi. “Basi aandike upya. Makubwa kuliko hayo. Mie sina tatizo.”

Alitoa jibu hilo haraka, kama mtu aliyekuja nalo kutoka nyumbani. Mwanakombo hakulipokea. Aliusogelea ukuta, akapitisha kiganja juu ya maandishi aliyoyaandika kwa mkono wake.

“Fundi, paka pote. Usiandike kitu.”

Salumu akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile.

“Kumbe tunaelewana, dada.”

“Maandishi hayalindi nyumba, yanapakwa rangi tu,” alisema Mwanakombo. “Lete ufunguo wa chumba cha baba.”

Salumu alipapasa mfuko mmoja, kisha wa pili. Akasema ufunguo anao Brightson. Mwanakombo akaketi kibarazani, akasema atasubiri. Salumu alisogea mpaka kwenye kona ya nyumba kupiga simu, akiwa amewapa mgongo. Alizungumza kwa muda mrefu kuliko mtu anayeulizia ufunguo. Ufunguo uliletwa mchana, na aliyeuleta hakuwa Brightson, bali mwanamume mgeni aliyeitazama nyumba nzima kabla ya kuutoa.

Alipoulizwa baadaye kama anaamini nyumba ile ilikuwa inauzwa, Talha alisema yeye anajua kuta. Aliongeza kwamba namba ya Brightson ameihifadhi, na ile ya Mwanakombo pia, kwa siku atakayoitwa tena mahakamani.

Maandishi yalifunikwa Jumapili, mikono mitatu ya rangi. Mwisho wa mwezi Mwanakombo anahama Boko kuja kuishi chumba cha mbele, na Talha ndiye atakayekipaka ndani.