Gari la Mkunga na Nyuzi Tano Zilizozidi

Wapo mafundi wanaofungua gari kama mtu anayefungua zawadi: haraka haraka, nati huku, bolti kule, halafu wanabaki na vipande vitatu mkononi wasivyojua vilitoka wapi. Fundi Taratibu si wa kundi hilo. Mama huyu, mwenye miaka hamsini na mitatu na goti moja bovu, hagusi spana kabla hajaingia kwenye gari kama abiria, akafunga mlango na kutulia kimya. Ukimuuliza anafanya nini, atakwambia, "Nasalimiana nalo." Watu humcheka. Wakishachoka kucheka, humkabidhi ufunguo.

Jina la Taratibu alipewa kwa kejeli, na aliyempa ni shemeji yake, mume wa dada yake, mwenye gereji. Miaka kumi na tisa iliyopita alimchukua pale ashone viti tu. Kona yake ilikuwa nyuma, kando ya dirisha lisilo na kioo: cherehani, marobota ya ngozi bandia, na kopo la gundi iliyomkaza ncha za vidole zikawa ngumu kama kucha. Sasa, mshona viti hukaa sana ndani ya magari ya watu huku mafundi wako chini wanalaani. Mama akawa anasikiliza. Ikafika siku wanaume wanne wanabishana juu ya mlio wa beringi, na sauti ikatoka kiti cha nyuma: "Ni gurudumu la kushoto, nyie. La kulia mnalionea bure." Kwa ubishi wakafungua la kulia. Hawakuona kitu. Wakafungua la kushoto, wakatazamana. Tangu siku ile cherehani ikaanza kushika vumbi.

Shemeji mwenyewe mtaani anaitwa Misuli. Mikono yake ni minene kuliko mapaja ya watu wengine, na anaamini kwa moyo wote kwamba kila kilichoharibika duniani kimekosa nguvu tu. Ni mtu mwema, tusimseme vibaya. Ila ukimpa saa ya mkononi aitengeneze, atakuja na nyundo.

Ndiye aliyeinua gari la mkunga. Gari hilo lilikuwa likipanda mlimani kila wiki kufuata wajawazito, kwa njia ya mawe, na kila wiki lilirudi na tumbo limechubuka. Misuli akaongeza vyuma kwenye springi, akabadilisha na vishikizo vya nyuma vya springi akaweka virefu zaidi, gari likanyanyuka kiganja kizima. Likasimama kifua mbele. Misuli akapiga nalo picha saba, katika mbili akiwa amevua shati.

Kweli, mawe halikugusa tena. Tatizo lilianza kwenye lami, likifika spidi ya sitini. Sakafu ilitetemeka, chupa za dawa ziligongana sandukuni, na kwenye kioo cha pembeni kila lori la nyuma lilionekana kama mawili. Jumatatu mkunga akaingia gerejini ameshika kiuno.

"Bwana mkubwa, ulinirudishia gari au mashine ya kusaga?"

"Mama, hayo ni matairi tu," Misuli akasema. "Yatazoea."

"Matairi yatazoea. Na mimba?" Mkunga hakutabasamu. "Sikiliza. Jumamosi namshusha mama mmoja kutoka juu. Ana mapacha, na uzazi uliopita alitoka damu nusura tumpoteze. Daktari kasema ashuke mapema, na asitikiswe. Gari likiwa hivi, itabidi abebwe kwa machela nusu siku, juani. Sasa niambie, nimwandalie gari au machela?"

Siku hiyo na iliyofuata Misuli alisawazisha matairi yote manne, akabadilisha mawili, akakaza kila kilichokazika. Gari likaendelea kutetemeka kama limeona simba. Jumatano asubuhi akampelekea Taratibu ufunguo bila kumtazama usoni.

"Haya, shemeji. Kalisalimie."

Taratibu akakaa mbele, Misuli akaendesha. Mama akavua kiatu kimoja, akaweka unyayo sakafuni, na kiganja juu ya usukani, karibu na mkono wa Misuli. Walipofika sitini akafumba macho.

"Usukani umetulia," akasema. "Sakafu ndiyo inalia, hapa katikati. Umeyaonea matairi ya watu. Ni propela."

Kwa wasiojua, maana hata sisi tuliojaliwa akili nyingi tulifundishwa na mtu: propela ni lile bomba refu la chuma linalozunguka chini ya gari, linatoa nguvu kwenye giaboksi na kuipeleka kwenye difu ya nyuma, lile duara la gia katikati ya ekseli linalozungusha magurudumu. Kila ncha ina kiungo kinachokunjika kama kifundo cha mkono, mafundi wanakiita krosi. Kiungo kilichokunjika hakizunguki sawasawa, kinavuta na kuachia. Dawa yake ni kiungo cha pili, kikunjike vilevile ili kifute kosa la mwenzake, kama mume anayeropoka mbele ya wageni na mke anayerekebisha maneno hapohapo. Ukiinua gari, bomba linalala kwa pembe nyingine, na difu nayo inaweza kuinua pua. Mume anaropoka, mke anaropoka vyake, na wageni wanatetemeka.

Taratibu akaingia chini ya gari, goti bovu likilalamika. Hazikupita dakika tano.

"Shemeji, hii propela uliichomoa katikati?"

"Niliipaka grisi. Vibaya?"

"Vizuri sana. Uliweka alama kabla ya kuichomoa?"

Misuli akaanza kukagua mabati ya paa.

"Alama ya nini? Kitu kinaingia kwenye kitu!"

"Kina meno, na kinaingia kwenye jino lolote, ndiyo shida yake. Umekirudisha kimeruka jino. Njoo uone: sikio la mbele linaloshika krosi linatazama huku, la nyuma linatazama kule. Kama watu waliogombana."

Yeye mwenyewe hachomoi kitu bila kukichora kwanza kwa chaki yake ya ushonaji, ile bapa ya buluu. Miaka ya mwanzo mafundi walimtania kwamba anataka kulishonea gari sketi. Akaichomoa propela, akalinganisha masikio, akairudisha. Wakajaribu barabarani. Mtetemo ukapungua nusu, lakini nusu iliyobaki ilitosha kumtikisa mama mwenye mapacha.

Akaamua kupima pembe. Misuli anacho kipimo cha pembe cha betri kinachoonyesha namba, ila kilikufa siku alipokikalia. Taratibu anatumia kipimapembe cha plastiki, kile cha watoto wa shule, alichokitoboa katikati akapitisha uzi wa kushonea viti na kuning'iniza nati ndogo. Unakilaza kwenye chuma, uzi unaanguka wima, unasoma. Gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, akasoma shingo ya giaboksi: imeinama nyuzi mbili za pembe. Akasoma difu: imeinua pua nyuzi saba.

"Zinatakiwa zilingane," akasema. "Zimepishana tano."

Mkerezaji wa vyuma wa mtaa wa pili akamkatia kabari mbili za nyuzi tano. Alhamisi adhuhuri zilikuwa zimeshakaa kati ya springi na ekseli, na pua ya difu imeshuka hadi mbili. Wakatoka yeye na shemeji hadi spidi ya tisini. Gari likateleza kama wazo. Misuli akapiga honi njia nzima, na kufikia jioni alikuwa ameshawasimulia wateja sita namna "tulivyoligundua" tatizo.

Ijumaa saa tatu asubuhi mkunga akapakia vitu vyake akaondoka kulijaribu na wenzake. Saa tatu na nusu akarudi. Alishuka polepole, akafunga mlango polepole. Afadhali angeubamiza.

"Sasa linaanza kwenye hamsini," akasema. "Ni baya kuliko mwanzo."

Mafundi wote wakapata kazi ya ghafla upande wa pili wa gereji. Taratibu hakujitetea. Alilizunguka gari mara moja, akalichungulia ndani. Kulikuwa na kitanda cha wagonjwa, mtungi wa oksijeni, masanduku mawili, pipa la maji la lita sitini, na wauguzi watatu wenye afya zao. Akarudi nyuma hatua kumi akachuchumaa. Mkia wa gari ulikuwa umeshuka.

"Kosa ni langu," akasema kwa sauti ya kusikika hadi kwenye kompresa. "Nimelipima likiwa tupu. Na gari hili halijawahi kwenda popote likiwa tupu."

Misuli akamsogelea, akamnong'oneza, "Shemeji, sema mkerezaji kakosea kukata. Nani atajua?"

"Mkerezaji kakata nilichomwambia. Na mimi ndiye niliyeshona viti miaka kumi, najua hakuna mshonaji anayempima mteja suruali akiwa amelala." Akamgeukia mkunga. "Dada, nipe hadi saa kumi. Ila nawataka watu wote na mizigo yote ndani, kama mtakavyokuwa kesho na huyo mama."

"Na mama mwenyewe tutampata wapi?"

Taratibu akamtazama Misuli juu hadi chini, kama anayepima kitambaa.

"Huyu hapa. Mapacha, mama yao, na bibi yao wa kumsindikiza, wote ndani ya ngozi moja. Panda, shemeji. Lala kitandani."

"Mimi? Mbele ya wateja wangu?"

"Na uache kujinyonganyonga, unaniharibia uzi."

Basi mwenye gereji akalala kitandani mikono juu ya tumbo, muuguzi mmoja akimpepea na mwingine akimuuliza uchungu umeanza saa ngapi. Gereji nzima ilivunjika mbavu. Chini ya gari mtu mmoja tu hakucheka, kwa sababu alikuwa anasubiri nati itulie. Akasoma giaboksi: sasa imeinama nne. Akasoma difu: imeinua pua moja tu. Akasoma tena zote mbili, kisha akatoka, akarudi kuzisoma mara ya tatu. Zikabaki zilezile.

"Kabari nimezizidisha nyuzi tatu," akasema akijifuta mikono. "Zinatakiwa za mbili, si za tano. Lakini dada nikwambie ukweli usije ukanilaumu: nikiweka za mbili, likiwa na watu litatulia, likiwa tupu litatetemeka kidogo. Siwezi kukupa yote mawili. Chagua."

"Nichague nini? Likiwa tupu nimebeba nini, hewa?"

Mkerezaji akaacha kazi ya mtu mwingine mezani. Saa tisa na nusu kabari mpya zilikaa. Wakapanda wote tena, mkunga akashika usukani, na Misuli kwa hiari yake akarudi kitandani, akidai amekizoea. Hamsini. Sitini. Sabini. Taratibu alikuwa amekaa sakafuni katikati ya masanduku, unyayo mtupu chini, macho kafumba. Alipofumbua, mkunga alikuwa anamtazama kwenye kioo.

"Vipi?" mkunga akauliza.

"Mimi usiniulize. Sikiliza chupa zako."

Chupa zilikuwa kimya.

Jumamosi gari likapanda alfajiri. Gerejini hakuna aliyefanya kazi ya maana. Misuli alifagia sehemu ileile mara tatu. Saa saba simu yake ikaita, akaweka sauti ili wote wasikie: wamefika hospitali, na mama amelala usingizi lami yote, wamemwamsha mlangoni. Siku nne baadaye, saa kumi jioni, mkunga akaingia mwenyewe na gari, kichwa nje ya dirisha, akipiga kelele kabla hajazima injini. Wawili! Msichana na mvulana! Mama yao anakula!

Wanaume wakarukaruka, Misuli akalia waziwazi na kusingizia vumbi. Walipomtafuta Taratibu wamnyanyue juu, waliona miguu yake tu inatokeza chini ya gari la mkunga, kiatu kimoja kimevuliwa.

"Shemeji, toka basi, watoto wamezaliwa!"

"Nimesikia, Mungu awakuze," sauti ikajibu kutoka chini. "Nati za kabari mpya hulegea baada ya safari ya kwanza. Hebu nipe spana ya kumi na tisa."

Misuli akampa, akachuchumaa, akamshikia na taa.