Sauti ya Majaribio

Mtaani walimwita Fundi Miwani, kwa kuwa lenzi yake ya kukuzia haikumtoka jichoni hata alipokunywa chai. Alianza na saa za mkononi. Saa zilipokosa wateja akahamia simu, na kwa miaka kumi na sita hakuwahi kumrudishia mtu simu pasipo kuijaribu. Tumbo la simu likiwa bado wazi, hurekodi, "Moja, mbili, tatu, fundi anajaribu," kisha huituma sauti hiyo kwenye simu yake ya kazini.

Jumatano hiyo asubuhi alikuwa ameibadilishia kioo simu ya mpwa wake, binti wa dada yake, aliyehitimu uuguzi na kukaa mwaka mzima bila ajira.

"Miwani, hiyo lenzi utazikwa nayo!" mshonaji wa duka jirani alimtania akipita.

"Na sanda utanishonea wewe, usisahau mfuko wake!"

Alicheka, akageuka, kidole kikateleza. Badala ya kwenda kwenye simu yake ya kazini, sauti ya majaribio ikaenda kwenye mazungumzo ya juu kabisa, kundi lililoitwa Wapenda Mapishi.

Jibu halikukawia: "Wewe nani? Dada yetu yuko wapi?"

Fundi alikusudia kuomba radhi, lakini macho yalikwisha kupanda kwenye ujumbe wa nyuma. "Nyumbani hawajui thamani yako. Sisi tunaijua." "Wapiganaji wetu waliojeruhiwa wanakungoja. Wanaotupinga hawastahili kuishi." "Mama mwambie umepata kazi hospitali ya mbali. Basi ni kesho, saa mbili asubuhi." Mapishi hayakutajwa hata mara moja.

Ujumbe wa kwanza ukafutika mbele ya macho yake. Ukafuata wa pili. Mkono ukatangulia akili: kibano kikazing'oa nyaya za antena. Mtandao ukakatika, yaliyosalia yakasalia.

Mpwa wake akaingia akihema.

"Shikamoo, Mjomba. Imepona?"

"Marahaba. Kioo kimepona. Keti."

Binti alikiona kibano, akakiona kioo kimefunguka kwenye Wapenda Mapishi. "Umesoma!"

"Nimekosea, mwanangu. Sauti ya majaribio imekwenda kwa watu wako."

"Mjomba, umeniponza! Watadhani nimewasaliti!"

"Wakidhani hivyo, watakufanya nini?"

Binti aliketi kwenye kigoda. Akasema kwa sauti ndogo, "Kila siku wananiuliza kama nimekula. Nani mwingine ananiuliza?"

Neno hilo lilimchoma Fundi. "Hakuna. Hilo ni kosa letu. Lakini mtu mwema hufuta maneno yake kwa kusikia tu sauti ya mjomba?"

Simu ya kazini ikalia. Alikuwa dada yake. Fundi akaifungulia spika.

"Kaka, kuna mtu kanipigia, ati wa hospitalini. Anauliza mtoto yuko wapi na yuko na nani. Anajua hadi rangi ya geti letu! Yuko bado kwenye simu nyingine. Nimwambie yuko kwako?"

Binti alisimama ghafla hata kigoda kikaanguka. "Namba ya Mama sikuwapa," alinong'ona. Kisha akaiinamia simu: "Mama, usimwambie! Kata! Funga mlango, tunakuja!"

Fundi alinyoosha mkono kutafuta kifuniko cha simu. Binti akamshika kiganja.

"Usizirudishe hizo nyaya, Mjomba. Tumchukue Mama, twende polisi nayo hivi hivi."

Akaiviringisha ile simu kwenye leso yake, tumbo wazi. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na sita, Fundi Miwani alifunga duka kabla ya kufunika kazi.