Mninga Alioupanda Mke Wangu

Nimepasua mbao tangu sijaota ndevu. Shule niliishia darasa la pili, lakini nyumba hii ya matofali ya kuchoma hapa Mkula imejengwa na msumeno wangu, na watoto wamesomeshwa na msumeno huo huo. Mtu akianza kunieleza habari za miti huwa namwacha amalize, halafu namweleza mimi.

Mke wangu peke yake ndiye hakuwa anajali hilo. Alikuwa Mpogoro wa upande wa Mahenge. Mwaka alioenda kumzika mama yake alirudi na matunda manne ya mninga kwenye pindo la khanga, yale mapana yenye miiba katikati. Akayachoma kidogo kwenye majivu ya moto, akayafukia nyuma ya nyumba. Nilimcheka. Moja likaota.

Kiangazi kilipoingia, kimche kile kikakauka mpaka ardhini.

"Umekufa huo, mama watoto."

"Haujakufa."

"Mpasua mbao humu ndani ni nani?"

"Ni wewe. Na mti unaujua ukishalala chini."

Alizungushia vijiti, akaendelea na shughuli zake. Mvua zilipokuja kikachipua, kikafika magotini. Kiangazi cha pili kikakauka tena. Cha tatu vilevile. Mimi nikaona mke wangu anafuga ugonjwa. Masika ya mwaka uliofuata akafariki yeye, tukamzika, watoto wakakaa siku zao wakaondoka, nikabaki na sufuria kubwa ambazo sikujua nizifanyie nini. Mpaka leo nikisonga ugali unabaki. Mkono umezoea wawili.

Niseme ukweli kuhusu mninga. Mninga mkubwa naujua kama mkono wangu. Jua likianza kuwa kali unapukutisha majani yote, unasimama uchi miezi kadhaa, na mgeni akipita anasema huu ni kuni. Si kuni. Unafunga mlango tu, maji yasitokee kwenye majani. Ukikwaruza gamba kwa panga unakuta ubichi chini yake. Hicho ndicho kipimo chetu wapasuaji, nimekitumia kuanzia milima ya huku hadi misitu ya kule Masagati na hakijawahi kunidanganya.

Kiangazi kile cha kwanza bila yeye nilikwenda na panga, nikakwaruza kile kijiti chake. Kikavu mpaka katikati. Nikakikunja, kikavunjika kama njiti ya kibiriti. Kwa kipimo changu ile ilikuwa maiti. Nikasema basi, hapa nichimbe shimo la takataka, maana kila nikipita naona vile vijiti alivyozungushia na siku yangu inaharibika.

Jembe la tatu likagonga kitu kigumu. Nikavuta udongo kwa mikono. Mzizi, mnene kuliko kifundo cha mkono wangu, umenyooka kwenda chini kama mtu aliyetumwa. Nilikuwa nimeukata karibu nusu, na pale penye jeraha inatoka ile damu nyekundu ya mninga.

Nilikaa chini. Miaka yote ile tuliyobishana, mti ulikuwa unajenga huko chini. Kijiti cha juu ulikuwa unakitupa kila kiangazi, kwa sababu hauna uwezo wa kukilisha, na chakula chake unakificha chini. Mimi nimeangusha mininga isiyo na hesabu, ila hata mmoja sikuwahi kuuona ukiwa mtoto. Mke wangu sijui alijulia wapi. Sikuwahi kumwuliza.

Nikarudisha udongo, nikaushindilia taratibu kwa viganja. Nikiwa nimepiga magoti akapita jirani yangu Msukuma na ng'ombe wake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Unamzika nani hapo?"

"Mninga."

"Mbona siuoni?"

"Uko chini. Na hao ng'ombe wako wasipite hapa."

Akacheka mpaka akaegemea fimbo. "Mzee wangu, ng'ombe wangu hawajafundishwa kula kitu ambacho hakipo. Njoo nyumbani unywe maziwa, jua limekuingia kichwani."

Sikwenda. Lakini kesho yake niliona amewazungusha ng'ombe kwa njia ya bondeni, ambayo ni ndefu.

Binti yangu wa Morogoro hupiga simu kila Jumapili. "Baba, nakuja kukuchukua kabla ya mvua." Nikamwambia nina kazi. "Kazi gani tena, baba?" Nikasema kazi. Ningemwambiaje kwamba nasubiri kuona kama nimeua kitu?

Nilisubiri. Huko mlimani miti ikaanza kutoa majani mekundu hata tone la mvua halijadondoka, ndivyo ilivyo, inatumia akiba yake. Nyuma ya nyumba yangu hakukuwa na kitu. Mvua ya kwanza ikanyesha, yakaota magugu. Nikawa napalilia kwa vidole asubuhi na jioni, najisemesha mwenyewe, kwa sababu siku nyingine inafika jioni sijasikia sauti ya mtu. Wiki zikapita, watu wakaanza kupanda mpunga, bado kimya. Nikaanza kuamini kwamba nimeumaliza.

Halafu asubuhi moja nikakuta chipukizi, si pale katikati, pembeni ya jeraha. Urefu wa kidole, lina manyoya laini. Nilifuta macho nikatazama tena.

Nikampigia binti, wala haikuwa Jumapili.

"Umetoka," nikamwambia.

"Nani katoka?"

"Mninga wa mama yako."

"Mama alikuwa na mninga?"

Hakuwa anajua. Hakuna mtoto aliyejua. Tuliokuwa tunaujua ni wawili, na wa pili alikuwa anasema umekufa.

Nikamwambia Morogoro siji. Kiangazi kinachokuja utakauka tena, na nikiondoka, yeyote atakayekaa hapa atalima juu yake.

"Mpaka lini, baba?"

Mininga yote niliyoangusha, sijui hata mmoja ulikaa miaka mingapi chini kabla ya kusimama.